Mkono wa Kulia Usisimame: Kwa Anayeanza Kucharaza Gitaa

Vijana wengi wanaonijia hapa Sakina, Arusha, baada ya mazoezi ya kwaya wana shida moja. Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kwa kukandamiza nyuzi, wanazijua. G wanaikamata vizuri, C wanaikamata, D pia, lakini ukiwaambia wapige wimbo, wimbo hauendi, unakatikakatika. Kila mmoja anaamini tatizo ni vidole vya mkono wa kushoto. Mimi naangalia wa kulia, na karibu kila mara nakuta ndio unaosimama.

Mkono unaocharaza, yaani unaopita juu ya nyuzi kwenda chini na juu, ndio unaotunza mwendo wa wimbo. Wimbo wa mapigo manne tunauhesabu hivi: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Kwenye kila namba mkono unashuka, kwenye kila "na" unapanda, tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale usipogusa nyuzi. Tofauti ya mtindo mmoja na mwingine ni wapi unagusa na wapi unapita hewani, basi.

Chukua ule mtindo ambao karibu kila anayeanza hufundishwa: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Wengi huukariri kama maneno sita yaliyofuatana, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu hawajui kwa nini kuna juu mbili zinazofuatana. Uweke kwenye hesabu utaona:

moja (chini), mbili (chini) na (juu), tatu (hewani) na (juu), nne (chini) na (juu).

Kwenye tatu mkono unashuka kama kawaida, ila haugusi kitu. Ile kimya ya tatu ndiyo inayoupa mtindo huu mnato wake. Ukisimamisha mkono hapo ukisubiri, utachelewa kwenye "na" inayofuata, na wimbo wote utayumba.

Ili uuzoee, achana na kodi kwanza. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kukandamiza, ucharaze usikie chaka-chaka tu. Weka kwenye simu programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo sawasawa, mapigo 60 kwa dakika. Ni polepole mno, najua, na wengi wanachoka mapema. Vumilia. Mwendo wa polepole ndio unaoonyesha mkono unapotaka kusimama; ukikimbia hutauona. Ukitulia kabisa, panda hadi 65, kisha 70. Halafu ingiza kodi ya Em: vidole viwili tu, freti ya pili (nafasi ya pili kati ya vile vyuma vya shingo ya gitaa), uzi wa tano na wa nne ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, na nyuzi zote sita zinalia vizuri, kwa hiyo huna wasiwasi wa kugusa uzi usiotakiwa.

Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, si kwenye bega. Ni kama unavyokung'uta maji baada ya kunawa. Piki, kile kipande cha plastiki, ishike kwa wepesi, nayo iwe nyembamba; nene inakwama kwenye nyuzi ukiwa bado mgeni. Mkono ukishuka, pita nyuzi zote za kodi hiyo. Ukipanda, nyuzi tatu nyembamba za chini zinatosha. Anayelazimisha kuzivuta zote sita akipanda hupata sauti nzito, na mkono unachoka kabla ya ubeti wa pili.

Zoezi hili halihitaji hata gitaa. Ukishuka kwenye kifodi, daladala zetu za hapa, ukatembea kwenda nyumbani, hatua zako ndizo mapigo. Mguu ukikanyaga, kiganja kinagusa paja. Mguu ukinyanyuka, kiganja kinapanda. Julai, baridi ya Arusha ikikaza vidole, mimi huanza hivi hivi kabla ya kugusa uzi wowote.

Sasa kubadili kodi. Mkono wa kushoto ukichelewa, wa kulia usiusubiri. Endelea kucharaza hata kama kodi haijakaa. Wapigaji wazoefu huachia vidole mapema kidogo, kwenye ile "na" ya mwisho baada ya nne, mkono unapanda nyuzi zikiwa wazi, kisha kodi mpya inatua kwenye moja. Sikiliza kwa makini rekodi za gitaa la kucharaza, utaisikia mara nyingi, na haiudhi sikio hata kidogo.

Kuna wanaoona kucharaza ni hatua ya kuruka haraka ili wafike kwenye solo, yaani kupiga nota moja moja mbele ya wengine. Siwaungi mkono. Sikiliza nyimbo za bendi ya Morogoro Jazz: solo ya mpiga gitaa wake Mbaraka Mwinshehe inatamba kwa sababu nyuma yake kuna gitaa la ridhimu, lile la kutunza mwendo, lisiloyumba.

Jambo la mwisho ni kwa wa kanisani hasa. Mapambio mengi tunayoimba hayaendi kwa nne, yanaenda kwa sita: MOJA mbili tatu NNE tano sita. Ukiyapigia mtindo wa nne utagombana na makofi ya waumini. Anza kwa chini zote sita, ukikaza ya kwanza na ya nne. Pambio likishika kasi utahitaji chini-juu mfululizo, na hapo mkazo wa nne unaangukia mkono ukiwa unapanda. Hilo linachukua muda kuzoeleka, kwa hiyo kwenye mazoezi kaa karibu na mpiga ngoma, punguza sauti ya gitaa lako, na umfuate yeye hadi mkono ukubali.