Mdogo wangu wa Duluth, ziwa hilo halijui kwenu ni wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma, aliyehamia Duluth, mji wa hapa Minnesota, Marekani, mwaka huu, aliniandikia: "Kaka, nimeona picha ya samaki wako. Na mimi nataka kuvua kwenye barafu, nianzie wapi? Uvuvi siyo mgeni kwangu, nimekulia ziwani." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Niliwahi kuyasema mimi, tena mbele za watu.

Mimi ni wa Ukerewe. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, wa zile mitumbwi zinazotoka na karabai usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu watu wanabaki nchi kavu kushona nyavu. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa najua kupiga kasia na kusoma upepo. Kwa hiyo nilipofika Minnesota nikakuta wazee wa Kizungu wameketi katikati ya ziwa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja anachungulia kitundu chake, nilicheka. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya zamu ya usiku, nikawaambia wenzangu: hawa wanacheza, subirini mtoto wa ziwa.

Desemba hiyohiyo tukaenda, Watanzania wanne, kwenye kiziwa kimoja karibu na makazi yetu. Barafu nyeupe, nzuri, theluji juu yake kama unga wa sembe. Mimi mbele, kifua wazi kwa majivuno. Sikujua kuwa pale nilipopita, chini kuna bomba la maji ya mvua linaloingia ziwani, na maji yanayotembea hayagandi sawasawa. Mguu wa kulia ulizama hadi kwenye paja. Sikusikia baridi kwanza. Nilisikia kama nimeunguzwa. Nilijitupa kifudifudi nikajiburuta kurudi nilikotoka, suruali imeanza kukauka kama ubao.

Wawili walikuja kunisaidia. Wa tatu alitoa simu akarekodi. Video ile ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp hadi ikamfikia shemeji yangu Mwanza. Aliyerekodi anajijua, sina haja ya kumtaja. Nimesamehe. Lakini mtu anazama, wewe unatafuta pembe nzuri ya kamera?

Basi, mdogo wangu, ushauri wa kwanza: pima barafu. Idara ya maliasili ya Minnesota inasema inchi 4 za barafu mpya, angavu, zinatosha mtu kutembea kwa miguu. Gari dogo linataka inchi 9 au 10. Ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu zake ni kama nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili. Na usidanganywe na theluji nyingi: theluji ni blanketi, inazuia baridi isishuke, hivyo chini ya tandiko zuri barafu inaweza kuwa nyembamba. Desemba 29, 2023, kipande kikubwa cha barafu kilikatika Upper Red Lake, ziwa la kaskazini mwa Minnesota, watu zaidi ya 100 wakajikuta wanaelea nacho. Waliokolewa, na wengi wao bila shaka walizaliwa hukuhuku na barafu wameijua tangu wadogo. Sasa wewe wa Musoma?

Aliyenifundisha ni mzee jirani, mstaafu, mtu wa maneno machache. Alinipa mtaimbo. Unatembea nao mbele yako, unagonga kwa nguvu kila hatua mbili tatu; ukitoboa kwa pigo moja, unarudi kwenye nyayo zako. Shingoni ananing'iniza misumari miwili yenye vishikio vya mti, ya kujikwamulia akizama, maana barafu iliyolowa haishikiki kwa vidole. Pia alinieleza kwa nini samaki hawafi: maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kama nyuzi 4 za Selsiasi, basi hayo yanazama chini, yale baridi zaidi yanabaki juu na kuganda. Samaki wanakaa kwenye joto lao huko chini wakati sisi tunatetemeka. Na barafu inalia, mdogo wangu. Usiku baridi ikikaza inapasuka kwa sauti inayokimbia toka ng'ambo hadi ng'ambo, kama mtu anaburuta mnyororo. Mara ya kwanza niliita jina la mama.

Majira mawili yaliyofuata sina la kukusimulia. Niliketi, sikupata kitu.

Jumamosi ile ya picha tulikuwa Mille Lacs. Ni ziwa kubwa lakini siyo la kina, halifiki hata mita 14. Wenye hoteli za ufukweni wanasafisha theluji kufanya barabara, wanaweka madaraja juu ya nyufa, na wewe unalipa ada ya kupita. Tulikuta barafu ya inchi 19. Keekee ya betri ilitoboa shimo la inchi 8 kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Ndani ya kihema niliteremsha ndoana yenye bati linalong'aa, nimechomeka kichwa cha samaki mdogo, hadi futi 25, kisha nikainua kidogo ikae karibu na sakafu ya ziwa. Mchana kutwa, vijisamaki vyenye mistari tu, wa ukubwa wa kiganja.

Jua likaanza kuzama. Samaki tuliyemfuata, huyo wanayemwita wolai (walleye), ana macho yanayong'aa kama ya paka, anaona gizani kuliko anaowawinda, hivyo saa yake ni magharibi na alfajiri. Nikamkumbuka baba na giza lake. Mshipi ukawa mzito, siyo wa kuvutwa, mzito tu, kama umenasa kwenye nguo. Nikakaza. Dakika kadhaa baadaye kichwa chake kilijaa shimo zima. Inchi 25 na nusu! Mzee jirani, ambaye hasifii mtu, aliinua kikombe cha kahawa.

Masharti ya ukubwa wa samaki wa kuondoka naye Mille Lacs hubadilika msimu hadi msimu, na huyu alikuwa nje ya kipimo. Picha moja, nikamrudisha majini. Usiniulize niliumia kiasi gani.

Kwa hiyo acha ujuba, mdogo wangu. Tatizo letu tuliokuja huku ni kuona aibu kuuliza. Tunabeba sifa za kwetu kama vyeti, na hakuna anayeviomba. Kata leseni. Ukiwasha hita ya gesi ndani ya kihema, acha upenyo wa hewa, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu. Usiende peke yako. Na pima barafu. Ulipopima jana, pima tena leo. Ukisogea hatua hamsini, pima. Najua nimeshasema.

Juzi nilipotuma picha kwenye kundi, yule wa video alikuwa wa kwanza kuandika. "Hongera kaka! Mlikuwa upande gani wa ziwa?" Tiki mbili za buluu ameziona. Wewe nitafute Jumamosi, nitakuonyesha mahali penyewe.