Nguzo za fensi zimepasuka baada ya miaka miwili: niweke zipi, na nimpe fundi gani?

SWALI: Shikamoo Injinia. Mimi na mume wangu tuna kiwanja cha mita 20 kwa 30 Kibada, Kigamboni. Mwaka juzi tulizungushia fensi ya waya kwenye nguzo za zege. Leo nguzo 11 zina nyufa ndefu toka juu hadi chini, zinachuruzika rangi ya kutu, na zile za kona zimelala kwa ndani. Fundi aliyejenga hapokei simu. Sasa nina makadirio matatu mezani. Mmoja anataka kuleta nguzo za zege zilizo tayari, zile zinazouzwa kando ya barabara. Wa pili anasema niachane na zege, niweke bomba za chuma. Baba mkwe anashauri miti ya mikaratusi iliyotiwa dawa, ya kutoka Mufindi. Bei zimepishana sana. Nguzo gani itadumu, na nitamjuaje fundi ambaye hatanikimbia? Nimeambatanisha picha.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Picha nimezitazama zote, na ile ya nguzo iliyo karibu na geti imeniambia karibu kila kitu. Ufa umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula, umeifuata nondo, na kando yake kuna michirizi ya kahawia. Nguzo iliyogongwa na gari haipasuki hivyo. Huo ni ufa wa kutu. Nondo ikishika kutu inavimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na zege likisukumwa kutoka ndani halina ujanja ila kupasuka.

Saruji nzuri kwa kawaida huilinda nondo isishike kutu. Kinachovunja ulinzi huo upesi ni chumvi, na kwenu Kigamboni chumvi haitafutwi: ipo kwenye upepo, ipo kwenye visima vingi, ipo kwenye mchanga wa ufukweni. Lakini chumvi ya upepo peke yake huhitaji miaka mingi kupenya zege lililoshiba. Nguzo zako zina miaka miwili tu. Kwa hiyo nina shaka kubwa kwamba chumvi haikutoka nje. Ilikorogwa humo humo tangu siku ya kwanza, kwa maji ya kisima au mchanga wa baharini, na nondo zikawekwa karibu mno na uso wa nguzo. Muulize mlinzi au jirani aliyekuwepo siku ile maji yalichotwa wapi. Ukiambiwa kisimani, onja maji ya kisima hicho. Ulimi wako unatosha kuwa maabara kwa jambo hili.

Ndiyo maana sikubaliani na huyo anayesema zege halifai. Zege halina kosa, aliyelipika ndiye mwenye kosa. Ushauri wangu ni nguzo za zege, ila zifyatuliwe hapo hapo kiwanjani kwako, macho yako yakiona.

Tupige hesabu, kwani hesabu ndiyo itakayokupa pia jibu la swali lako la fundi. Kiwanja cha 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Nguzo zikiachana mita 2.5 unahitaji kama 40. Ongeza mihimili ya kuegemeza: miwili kila kona, na mmoja kila upande wa geti, jumla 10. Hivyo unafyatua vipande 50. Kwa hewa ya Kigamboni nisingeweka nguzo ya sentimita 10 kwa 10 inayotumika bara. Ningeweka 12 kwa 12, urefu mita 2.4, ili nondo zipate sentimita 3 za zege kila upande. Ndani ziingie nondo nne za milimita 8, zifungwe na ringi za milimita 6 kila baada ya sentimita 20.

Vipande 50 vya kipimo hicho ni zege la mita za ujazo 1.7 hivi. Kwa mchanganyiko wa nguvu, yaani saruji ndoo moja, mchanga ndoo moja na nusu, kokoto ndoo tatu, mita moja ya ujazo hula mifuko kama minane. Kazi yote ni mifuko 14. Kila mfuko unatoa nguzo tatu na nusu.

Hapo sasa pana siri ya biashara ya nguzo. Kabla hujamuuliza fundi bei, muulize hivi: "Mfuko mmoja unatoa nguzo ngapi?" Akisema tatu au nne kwa nguzo za unene huo, endelea kuongea naye. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja swali hilo, akanijibu kwa kujivuna, "Kumi na mbili, bosi!" Alidhani namsifia kwa kubana matumizi. Hata nguzo nyembamba za 10 kwa 10, kwa mchanganyiko ule ule, hazizidi tano kwa mfuko.

Maji nayo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mfuko mmoja wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, kwa hiyo mifuko 14 ni lita 350, yaani madumu 18 ya lita 20. Nunua maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, madumu 18, kisima cha chumvi kiache. Ongeza mengine ya kumwagilia, maana na hayo yasiwe ya chumvi. Fundi akitaka kuongeza maji ili zege limiminike kirahisi kwenye kalibu, yaani boksi la mbao la kufyatulia, mkatalie. Maji ya ziada yakikauka huacha vinyweleo, na humo ndimo chumvi itakamopita kesho. Alishindilie kwa kipande cha nondo mpaka viputo viishe. Kokoto ziwe ngumu, zile nyeusi za Lugoba; hizi nyeupe za mawe ya matumbawe zinanywa maji.

Simama pale wanapopanga nondo kwenye kalibu. Chini na pembeni ziwekwe biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoishikilia nondo isiguse ubao. Ukiona nondo imelala kwenye ubao na fundi anakwambia "tutaiinua wakati wa kumwaga", hawatainua. Baada ya kumwaga, nguzo zifunikwe magunia mabichi na zimwagiliwe siku 7 bila kuruka, asubuhi na jioni. Zisisimamishwe kabla ya wiki mbili, na waya usikazwe kwa nguvu kabla ya siku 28. Kila moja ina uzito wa kilo 80 na zaidi, kwa hiyo zibebwe na watu wawili au watatu kwa kushika karibu na ncha zote mbili, zisipasuke mikononi mwao.

Nguzo za kando ya barabara sisemi zote ni mbovu. Wapo wafyatuaji waaminifu. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kuona kilichomo ndani. Mimi dawa yangu ni moja: nunua nguzo moja ya ziada, uivunje hapo hapo kwa nyundo. Nilifanya hivyo kwenye uwanja mmoja wa kufyatulia, baada ya muuzaji kuniapia kuwa kuna nondo nne za milimita 8. Alicheka kwanza, kisha akanivuta pembeni kuniuliza kama nina haraka. Ndani mlikuwa na nondo mbili za milimita 6, na moja ilikuwa imefunikwa kwa zege nene kama ukucha. Muuzaji akikataa uvunje nguzo uliyoilipia, ondoka.

Bomba za chuma: kwako hapana, isipokuwa ziwe zimechovywa kwenye zinki kiwandani, na hata hivyo kila sehemu itakayochomelewa inapoteza zinki hiyo, na lazima isuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Bomba jeusi lililopakwa rangi ya fedha linapendeza kwa mwaka mmoja. Ukilitumia, ziba mdomo wa juu, vinginevyo mvua inajaa ndani na bomba linaliwa toka tumboni bila wewe kuona.

Ya baba mkwe si mabaya hata kidogo, na usimpuuze. Mikaratusi iliyotiwa dawa kwa mgandamizo kiwandani hudumu miaka mingi, na mchwa hawaisogelei. Ni jamaa ya nguzo zinazobeba nyaya za umeme. Tatizo ni ile inayouzwa kama "ya dawa" kumbe imechovywa tu, au imepakwa oili chafu ya gari. Oili chafu haiingii ndani ya mti. Inakaa juu, inachafua udongo, na mchwa wanapita nyuma yake. Omba wakate nguzo moja katikati: rangi ya kijani iwe imeingia ndani kama pete nene kuuzunguka mti, isiwe utando wa nje. Ukilazimika kuikata ifupike, upande uliokatwa ukae juu, usizikwe. Vipande vinavyobaki usipikie wala usichomee takataka, maana dawa hiyo mara nyingi ina aseniki na moshi wake ni sumu. Mti huoza pale udongo unapokutana na hewa, kwa hiyo chini ya shimo weka kokoto maji yapate njia, na zege la juu literemke kutoka kwenye nguzo, lisifanye kikombe. Kama bajeti imebana na baba mkwe anamfahamu muuzaji wa kweli, chukua hizo. Bado kwa Kibada, nikiwa na hela, nafyatua.

Kulala kwa nguzo za kona ni habari nyingine kabisa, haihusiani na kutu. Udongo wenu ni kichanga, na nina hakika mashimo hayakuzidi sentimita 30 au 40. Waya ukikazwa, nguzo ya kona inavutwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja na haina wa kuishika. Chimba sentimita 65, upana 30, mwaga zege la 1 kwa 3 kwa 6 (saruji, mchanga, kokoto) mpaka juu, na kila kona iegemezwe na mihimili miwili iliyolalia upande waya unakovutia. Mihimili hiyo ndiyo mafundi wengi wanayoifuta kwenye makadirio ili bei ionekane nzuri. Kwenye makadirio yako matatu, angalia ni yupi ameiandika.

Tuje kwa fundi. Kama anajitambulisha kama kampuni, omba cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi na upige simu CRB kuthibitisha namba. Wengi wa wanaojenga fensi mitaani ni mafundi binafsi, na kwao cheti hakitakusaidia. Mwombe akupeleke kwenye fensi aliyojenga miaka mitatu iliyopita. Ya mwezi uliopita kila mtu anayo nzuri. Ukifika usitazame juu, chuchumaa utazame mguu wa nguzo, kisha ongea na mwenye nyumba fundi akiwa mbali kidogo.

Vifaa nunua mwenyewe dukani, risiti zikae kwako. Fundi mlipe ufundi tu, kwa hatua: kiasi mashimo yakichimbwa na nguzo zikifyatuliwa, kiasi zikisimama, kiasi waya ukikazwa. Asilimia 10 ibaki kwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi anayejiamini atanung'unika kidogo halafu atakubali. Anayetaka nusu ya hela yote "ya kuanzia" kabla jembe halijagusa ardhi ndiye yule ambaye simu yake haipokelewi. Andikianeni karatasi yenye idadi ya nguzo, vipimo, mchanganyiko na mihimili, nakala ya kitambulisho chake ibanwe hapo, na msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Malipo yapite kwenye simu, ujumbe usifute.

Kabla ya yote hayo, tafuta bikoni zako, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Usifuate mstari wa fensi ya zamani kwa imani tu, maana huyo huyo aliyekosea nguzo ndiye aliyevuta uzi. Bikoni ikikosekana, mlete mpima ardhi, na siku ya kuvuta uzi waite majirani wote watatu wasimame pale. Nimeona fensi nzuri ikibomolewa kwa sentimita 40.

Ukianza Juni, masika yakiwa yameisha, utapata ardhi kavu ya kuchimba, na mvua za vuli kuanzia Oktoba ndizo zitakazokagua kazi kabla hujatoa ile asilimia 10. Nguzo za zamani usizikarabati kwa kuzipiga plasta. Chumvi iko ndani na ufa utarudi. Zile ambazo hazijapasuka nazo zitapasuka. Zilaze chini ziwe kingo za bustani ya mchicha, na waya wake, kama haujaliwa, ukunje vizuri: utatosha upande mmoja wa nyuma.