Mpira wa shingoni au wa mkononi?

SWALI: Sista, shikamoo. Mama yangu amelazwa, ana maambukizi kwenye damu, na ameandikiwa antibiotiki za mshipani kwa siku 14. Kanula, vile vimirija vifupi vya kupitishia dawa mkononi, hazikai: leo imewekwa, kesho mkono umevimba. Daktari alitaja mpira wa shingoni, nikaogopa. Sasa sista wa zamu anasema kuna mwingine, midlaini, unaowekwa mkononi. Huo si wa kubahatisha? Mama ana kisukari, na figo zimeanza kumsumbua.
Kitinda Mimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza.

Midlaini si ya kubahatisha hata kidogo. Ni mpira laini, mara nyingi wa sentimeta 8 hadi 20, unaoingizwa juu ya kiwiko huku mwekaji akiuangalia mshipa kwa ultrasaundi. Ncha yake huishia karibu na kwapa, wakati ule wa shingoni hushuka hadi mshipa mkubwa unaomwaga damu moyoni. Ndiyo maana wa shingoni ukishawekwa, mara nyingi mgonjwa hupigwa eksirei kuona ncha imefika wapi na kama pafu limesalimika. Midlaini haihitaji hayo, na maambukizi ya damu yanayoletwa nayo ni machache zaidi. Damu kuganda mkononi, hilo hutokea.

Mimi nikiitwa kitandani, kabla sijagusa mkono nauliza: dawa gani, na ya siku ngapi? Kwa siku, mama yako anaingia. Mwongozo uliochapishwa Marekani mwaka 2015, maarufu kwa jina la MAGIC, unaikubali midlaini kwa tiba isiyozidi siku 14. Kwa dawa, antibiotiki nyingi hupita bila shida. Zisizofaa ni kama tibakemikali, yaani dawa ya saratani, inayounguza nyama ikivuja, au lishe nzito ya mshipani. Mshipa wa mkono hauna damu ya kutosha kuzimua vitu vikali namna hiyo, na kwa kuwa uko kina, dawa inaweza kuvuja muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana juu.

Ungeishia hapo, ningekwambia mkubali midlaini mara moja. Lakini figo umezitaja mwishoni kabisa, kama salamu za kuagia, na kwangu mimi ndizo barua yenyewe. Figo zikifika mahali pa kuhitaji kusafishiwa damu kwa mashine, madaktari hupendelea kuunganisha ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (unaoirudisha) mkononi, sindano za mashine ziwe zinachomwa hapo. Vena iliyokwisha kuziba au kusinyaa kwa sababu ya mpira haifai tena kwa kazi hiyo. Kwa hiyo uwezo wa figo kuchuja (eGFR kwenye karatasi ya maabara) ukishuka chini ya mililita 45 kwa dakika, mwongozo huohuo unataka vena za mkono ziachwe. Kwa siku chache huwekwa kanula nyuma ya kiganja. Kwa muda mrefu, mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi hadi shingoni. Yaani ule unaouogopa huenda ndio unaomfaa mama.

Basi kabla hamjasaini chochote, mwulize daktari: “Kipimo cha mama cha uchujaji wa figo kinasoma ngapi?” Kikiwa chini ya 45, omba daktari wa figo ahusishwe kwanza. Usione haya, hilo ni swali la haki kabisa, na daktari mzuri hulifurahia.

Ikiwa figo bado zina nguvu na midlaini ikawekwa, mkono huo usipimwe presha. Bandeji ya plastiki hubadilishwa kila baada ya siku 7, au mara moja ikilowa au kubanduka. Maumivu yakipanda kuelekea kwapani, mkono ukivimba, au dawa ikigoma kuingia, mwite sista papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku na unaona anasinzia.