Maswali Yenu: Mume Anataka Treni za Mvuke, Mi Nataka Kupumzika

Habari za kazi. Mume wangu ana kichaa cha treni za mvuke, likizo hii anataka twende Wales wiki nzima, kazi iwe kupanda treni na kuingia kwenye migodi ya zamani. Sina ugomvi na treni, ila jamani, leo moshi na filimbi, kesho moshi na filimbi, keshokutwa tena? Siku ya pili tu ntakuwa nishachoka. Nishaurini kabla hajalipia.
*Mke wa mpenda treni*

Dada, hofu yako ina msingi kabisa, wapo wengi wanaoenda na wakachoka, na mara nyingi ni kwa sababu wanapanda hizi treni kama mtu anavyopanda bembea, unakaa, inazunguka, unashuka, basi. Lakini nyingi ya reli hizi ndogo za Wales zilijengwa kwa ajili ya mzigo, watalii wamekuja baadaye sana, na ukishajua mzigo ulikuwa nini na ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi, safari inaanza kuwa na maana hata kwa mtu ambaye hajui boila ni kitu gani. Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni mmoja: anzeni mgodini, malizieni bandarini. Fuateni mzigo.

Chukua reli ya Ffestiniog. Watalii wengi wanaanzia chini Porthmadog, baharini, wanapanda mlima kwa treni, wanafika juu Blaenau Ffestiniog wanapiga picha mbili wanageuza. Nyie fanyeni kinyume. Blaenau mnaweza kufika kwa treni ya kawaida ya abiria kutokea Llandudno Junction, mkifika mnaona milima imezungukwa na malundo ya mawe meusi, ukiyaona unadhani mlima umemomonyoka wenyewe kumbe ni mabaki ya sleti, yale mawe bapa yanayopasuliwa kuwa vigae vya paa. Nendeni kwanza kwenye mgodi wa Llechwedd, mnashushwa chini kwa kitreni cha mteremko mkali mpaka kwenye vyumba vya mawe vikubwa ajabu, ndani ya vyumba hivyo wachimbaji walikuwa wanafanya kazi huku wananing'inia ukutani kwa mnyororo waliouzungusha pajani, mwanga ni wa mshumaa, na huo mshumaa walikuwa wanaununua wenyewe. Mkitoka hapo ndio mpande treni ya mvuke kushuka Porthmadog, karibu kilomita 22, reli yenyewe upana wake haufiki hata sentimita 60.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Reli ilifunguliwa 1836 bila kichwa cha mvuke hata kimoja. Kwa miaka karibu 30 mabehewa yaliyojaa sleti yalikuwa yanateremka yenyewe kwa uzito wake, watu wako juu wanakamata breki, na farasi wanasafiri humo humo kwenye treni, wana behewa lao la mwisho wanakula majani wanapunga upepo, wakifika chini zamu yao ndio inaanza, kuvuta mabehewa matupu kurudi juu. Vichwa vya mvuke vilikuja 1863. Ukilijua hilo, kila kona unayopita utaona jinsi walivyoichonga reli ishuke taratibu bila kukosa mteremko mahali popote, na utaelewa kwa nini inazunguka zunguka mlima badala ya kukata moja kwa moja.

Mwambie na mumeo (ingawa nadhani anajua) kwamba treni na mgodi ni ndugu wa damu. Mashine ya mvuke ya Newcomen ya 1712 kazi yake ilikuwa kuvuta maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe, na kichwa cha mvuke cha Trevithick kilichovuta mzigo kwenye reli kwa mara ya kwanza, Februari 1804, kilivuta tani 10 za chuma hapo hapo Wales, Penydarren. Kwa hiyo mwenye kupenda treni asipoingia mgodini anakuwa ameona nusu tu.

Zaidi ya hapo usikubali reli nyingi. Mbili, tatu zikizidi. Mpe Talyllyn, iko Tywyn, nayo ilikuwa ya sleti, tena ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea, toka 1951, na vichwa vyake viwili vya kwanza vya miaka ya 1860 bado vipo. Akisumbua sana mpe na Welsh Highland, pale atakuta yale majitu ya vichwa vya mvuke yanayoitwa Garratt, yaliyokuwa yanafanya kazi Afrika Kusini. Siku ya katikati iwe yako, hamna reli, hamna mgodi, na asilete ratiba mezani.

Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 11, mkubwa anataka sana kushuka mgodini lakini mimi mwenyewe nikikaa kwenye lifti iliyojaa watu moyo unaenda mbio. Je kuna hatari? Na mdogo ataruhusiwa?
*Baba mwoga wa giza*

Ndugu, kwanza tofautisha. Kuna migodi ya kutembea kwa miguu, unaingia mlangoni kama unaingia pangoni, na kuna migodi ya kushuka kwa lifti ya wachimbaji, na hii ya pili ndiyo itakayokupa shida. Mfano mzuri ni Big Pit, Blaenavon, kusini mwa Wales, ulikuwa mgodi wa makaa ya mawe mpaka 1980, 1983 ukafunguliwa kama makumbusho. Pale mnashuka mita 90 ndani ya kile kizimba cha chuma. Kabla hamjashuka mnavalishwa kofia ngumu, taa ya kichwani na mkanda mzito wenye betri na kifaa cha kukuokoa hewa ikichafuka, halafu mnaambiwa mtoe kila kitu chenye betri au moto: simu, saa, kiberiti, hadi ufunguo wa gari wa rimoti, vyote vinabaki juu. Hiyo sio mbwembwe. Migodi ya makaa ina gesi inayoweza kuwaka, na sheria zile zile za wachimbaji zinawahusu na wageni. Waongozaji wake wengi wamekuwa ni wachimbaji wenyewe wa zamani, wanajua kumsoma mtu aliyeanza kubadilika rangi.

Kwa hiyo ukiniuliza hatari, iko ndogo sana kwenye mgodi uliofunguliwa rasmi kwa wageni. Shida yako ni ya kichwani, na hiyo haidharauliwi. Fanya hivi: siku ya kwanza nendeni mgodi wa kutembea, jiangalie. Ukiona sawa nenda wa lifti, ukiona hapana mtoto ashuke na mama yake au mtu mzima mwingine wewe ubaki juu, maana Big Pit kuna mabafu ya wachimbaji na majengo mengi ya kuangalia. Tena mwambie mwongozaji mapema, usisubiri lifti ianze kushuka ndio ukumbuke. Kuna wakati watawaomba mzime taa zote mkae gizani kidogo, giza ambalo ukiweka mkono mbele ya jicho huuoni, mkubwa atafurahi, mdogo umwambie kabla.

Kuhusu mdogo, sehemu nyingi hawaangalii umri peke yake, wanaangalia na kimo kwa sababu ya kofia na mkanda, kwa hiyo soma masharti ya mgodi husika kabla ya kukata tiketi. Angalia na miguu pia. Wieliczka, ule mgodi wa chumvi wa Poland, una kama ngazi 800 kwenye njia ya watalii na karibu 380 mnakutana nazo hapo hapo mwanzoni mkishuka, mtoto atashuka anaimba, wewe magoti yatakukumbusha usiku. Kurudi juu kuna lifti, usiogope. Nguo za baridi zisisahaulike hata kama nje ni jua kali, mgodi wa shaba wa Falun kule Sweden ndani ni kama nyuzi 5 mwaka mzima. (Mwambie mkubwa kwamba Falun mwaka 1687 mgodi uliporomoka ukaacha shimo kubwa ambalo lipo mpaka leo, ikawa bahati wachimbaji wako mapumziko ya sikukuu, hamna mtu chini.)

Na mgodi uliotelekezwa msituni ambao hauna mlango wala mwongozaji, msiingie hata hatua tano. Mbao za sakafu zinakuwa zimeoza juu ya shimo la wima na huwezi kuona, na hewa mbaya haina harufu ya kukuonya.

Nilisafiri mbali kwenda kupanda treni ya mvuke, kufika nakuta wameweka kichwa cha dizeli. Nimeibiwa?
*Aliyechoka*

Pole. Hujaibiwa, ila inauma. Wakati wa ukame reli nyingi huwa zinapumzisha mvuke kwa sababu cheche kutoka kwenye bomba la moshi zinaweza kuwasha nyasi kavu pembeni mwa reli. Kule Colorado, reli ya Durango kwenda Silverton, iliyojengwa 1882 kubeba madini ya fedha na dhahabu, baada ya moto mkubwa wa 2018 wameingia gharama ya kubadilisha vichwa vyao vichome mafuta badala ya makaa. Sababu nyingine ni ubovu tu, mashine ina miaka mia na kitu, spea haziuzwi dukani, bomba moja la boila likivuja siku imeisha. Halafu nyingi zinafanya kazi msimu wa joto tu, tena sio kila siku. Kwa hiyo soma ratiba ya siku yako, uone wameandika kichwa gani kinavuta, na ikibidi piga simu asubuhi ile ile.

Babu yangu alikufa kwa kifua baada ya miaka mingi mgodini. Nikiona watu wanalipa kiingilio na kupiga selfi kwenye migodi najisikia vibaya. Hivi huu ni utalii kweli?
*Mjukuu*

Pole kwa babu, na swali lako nalichukua kwa uzito. Mi naona inategemea wanakusimulia nini. Ukienda Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye mgodi wa bati na shaba wa Levant, watakuonyesha mashine ya mvuke ya 1840 ambayo wazee wa kujitolea waliifufua, kitu kizuri sana cha kuangalia. Lakini watakwambia pia kwamba tarehe 20 Oktoba 1919 ule mtambo wa kupandisha na kushusha wachimbaji, nguzo ndefu yenye vikanyagio, ulikatika watu wamejaa juu yake, wakafa 31. Jirani yake, Geevor, ulifungwa 1990, na chumba cha kubadilishia nguo wamekiacha walivyokiacha wachimbaji siku ya mwisho. Ukisimama pale huna hamu ya selfi.

Au Bethesda, kaskazini mwa Wales, wachimbaji wa sleti wa Penrhyn waligoma toka 1900 hadi 1903, miaka mitatu, na waliogoma walibandika karatasi madirishani: hakuna msaliti kwenye nyumba hii. Mji uligawanyika vibaya. Sehemu inayokusimulia hayo mi naipa hela yangu bila wasiwasi. Sehemu inayokupa kofia ya plastiki na muziki tu, hapana. Ukienda, muulize mwongozaji habari za vumbi na vifua, uone anajibu nini.

Swali fupi: nivae nini, na nikae behewa la ngapi?
*Mtoto wa mjini*

Nyeupe usivae, masizi hayana huruma. Ukitaka kusikia mashine inavyohema kwenye mlima, kaa behewa la kwanza nyuma ya kichwa. Ukitaka picha ya treni ikikata kona, kaa la mwisho. Kichwa chako kibaki ndani, kipande cha makaa kikiingia jichoni safari imeisha, na pia kuna kuta na matawi karibu sana na dirisha. Wahi stesheni mapema uwaone wanavyojaza maji, na ukimkuta dereva hana haraka muulize ameamka saa ngapi kuwasha moto.