Kabla hujaifungia pikapu yako matairi makubwa ya A/T (ya njia zote, lami na zisizo na lami)

Masika ya mwaka 2021 nilikaa muda wa saa tano kwenye kona moja ya mteremko wa Amani. Nyuma nilikuwa na magunia ya pilipili manga, iliki kidogo na mikungu ya ndizi. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limepasuka ubavuni, mpasuko wa kuingiza kiganja. Lile tairi nilikuwa nimelifunga miezi mitano tu kabla ya hapo. Lilikuwa pana, refu, lenye kashata nene, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga ardhi, na siku nilipolifunga kila mtu pale Muheza alinipa hongera kama vile nimenunua gari jipya. Mvua ya Usambara hainyeshi kwa kishindo, ila ikikaa imekaa, na nilipata muda wa kutosha kulitazama tairi lile na kujiuliza nilinunua nini hasa.

Naandika haya kwa sababu kila nikiegesha gari sokoni hakosi mtu wa kuniuliza: "Kaka, hizo ni saizi gani? Na mimi nataka nipandishe." Nikimtajia saizi tu nitakuwa nimemdanganya, kwa kuwa mimi mwenyewe nilitajiwa saizi.

Gari langu ni Hilux dabo kebini, na lilikuja na 265/65R17. Niliingia dukani nimeshakata shauri kwamba nataka 285/70R17. Muuzaji alikuwa nayo, ya mtumba, kashata bado ndefu, bei nusu ya mapya. Sikuuliza hata swali moja. Mjomba wangu, ambaye ameendesha malori ya mkonge tangu mimi nikiwa mtoto, alipoyaona aliyazunguka kimya, akayagusa ubavuni, kisha akasema, "Mjomba, unabeba nini, na unapita wapi?" Nikamjibu juu juu. Swali lile ndilo ningependa na wewe ulijibu kwanza, kwa ukweli, kabla hujatoa shilingi.

Mkoa wetu wa Tanga hauna njia ya aina moja. Kama kazi yako ni Tanga, Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, na ukifika Mombo unapanda Soni hadi Lushoto mjini, basi wewe unakanyaga lami mwanzo mwisho. Kwako matairi ya A/T ni kelele na mafuta ya ziada, na kwenye lami iliyolowa mengi kati yake hushika vibaya kuliko tairi zuri la kawaida. Usiyanunue. Ukitoka Handeni kuingia ndani kuelekea Kilindi, huko kuna vumbi, changarawe na miiba, na kinachoumia mapema ni ubavu wa tairi. Ukanda wa Pangani na Saadani una mchanga, na una udongo mweusi wa mbuga ambao ukilowa hujaza nafasi zote za kashata, tairi likabaki kama kipara. Na kule kwangu, kwenye njia zinazochepuka kuingia vijiji vya Amani, ni udongo mwekundu wenye utelezi juu, mawe chini, na mteremko kila upande. Tairi linalofaa njia moja kati ya hizi linaweza kukuangusha kwenye nyingine.

Ukishaijua njia yako, ndipo usome maandishi ya ubavuni. Kwenye 265/65R17, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Hesabu yake si ngumu. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172. Zidisha mara mbili, kwa maana kuna ubavu juu na chini, kisha jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432. Unapata tairi lenye kimo cha milimita 776 hivi. Fanya hivyohivyo kwa 265/70R17 utapata 803. Kwa 285/70R17 niliyoitamani mimi utapata 831.

Sasa angalia kinachowapoteza wengi. Kutoka 776 kwenda 803 ni tofauti ya milimita 27, lakini gari halipandi zote hizo, linapanda nusu yake, milimita 13. Ni upana wa kidole. Hata nilipofunga yale makubwa, gari lilipanda chini ya sentimita tatu. Sisemi kwamba upana wa kidole ni kitu cha kudharau. Kwenye Hilux kinachogonga jiwe kwanza ni difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, na difu haipandishwi na springi wala shokapu ndefu. Hizo zinanyanyua bodi tu na kuiacha difu palepale. Kinachoinyanyua difu ni tairi peke yake. Lakini ujue unanunua kidole kimoja au viwili, na upime kama kidole hicho kina thamani ya vitu vingine utakavyovipoteza.

Na vipo. Kwa 285 nilikuwa nikikata kona yote, tairi la mbele linasugua plastiki ya ndani ya madigadi, na gari likiwa na mzigo ndiyo zaidi. Kupanda kutoka Zigi, mahali nilipozoea kwenda na gia ya pili, ikabidi nirudi ya kwanza. Tairi kubwa ni sawa na kubadilishiwa gia zote zikawa nzito: injini ileile, nguvu ileile, ila kila mzunguko wa gurudumu unadai kazi zaidi. Klachi ndiyo inayolipa, na breki pia, kwani tairi zito ni gumu kulianzisha na ni gumu kulisimamisha.

Spidi mita nayo inakosea. Kwa 265/70 kosa ni kama asilimia 3 na nusu: ikisoma 80, gari liko karibu 83. Kwa 285/70 kosa ni asilimia 7, yaani ikisoma 80 uko karibu 86. Kwenye vibao vya 50 unapita ukiamini uko salama, na huko mbele unapigwa tochi. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, hivyo ukipiga hesabu ya mafuta utaona gari linakunywa kuliko hali halisi. Nilimlalamikia fundi wangu wiki tatu kuhusu nozeli kabla sijalielewa hilo. Namwomba radhi hapa hadharani, maana alinishughulikia kwa uvumilivu mkubwa.

Lakini hakuna kati ya hayo kilichonikalisha mteremkoni saa tano. Kilichonikalisha ni namba mbili nilizokuwa sijazisoma kabisa.

Ya kwanza ni tarehe. Karibu kila tairi lina maandishi DOT, na mwisho wake namba nne ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi langu liliandikwa 3411: wiki ya 34 ya mwaka 2011. Nililinunua likiwa na miaka tisa. Mpira hukauka hata kama haujatembea, na ubavu ndiko ukavu unakoanzia. Kashata ndefu za tairi la mtumba si dalili ya uzima. Mara nyingine ni dalili kwamba lilikaa sana mahali, juani. Pinda ubavu kwa vidole ukauchungulie kwenye mwanga. Ukiona mistari myembamba kama ya udongo uliopasuka, mrudishie mwenyewe. Siku hizi sinunui tairi lenye zaidi ya miaka mitatu hata kama ni jipya kutoka kwenye karatasi zake, na sehemu hii ya duara inaweza kuwa imeandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo inama uangalie na upande wa ndani.

Ya pili ni namba ya mzigo, inayokuja baada ya saizi. Ukiona 112, tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. Ukiona 121/118, ni kilo 1,450 kwa tairi lililofungwa peke yake; hiyo ya pili ni kwa magari yanayofunga mawili mawili nyuma. Herufi inayofuata ni mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, R ni 170, Q ni 160, na yote ni mengi kuliko unayohitaji. Kwa hesabu tupu, 112 linaitosha Hilux iliyobeba tani yake halali. Ila namba hiyo inasimama tairi likiwa zima na upepo wake umetimia. Sisi tunaobeba machungwa ya Muheza tunajua tani inavyonenepa njiani, na jiwe la Amani halisomi namba.

Kwa hiyo kama unabeba mzigo wa kweli kwenye njia ya mawe, tafuta tairi ambalo saizi yake inaanza na herufi LT, yaani la pikapu na lori dogo, lenye ubavu wa plai 10. Hizo plai 10 siku hizi ni kipimo cha uimara, si kwamba ukilikata utahesabu tabaka kumi. Lina uzito: niliyapima kwenye mizani ya machungwa, tairi la zamani la kiwandani lilikuwa kilo 16, la LT kilo 22. Gari likiwa tupu linarusha, na mama watoto alilalamika siku ya kwanza tulipokwenda Pangani. Kama pikapu yako ni ya kwenda kazini na kuwapeleka watoto shule, plai 10 utajitesa nazo. Kuna A/T zenye ubavu laini zaidi, na hizo zitakufaa.

Mimi nilirudi nikafunga LT265/70R17. Ni hatua moja tu juu ya saizi ya kiwandani, halisugui popote, linakaa vizuri kwenye rimu zangu zilezile za upana wa inchi saba na nusu, na gia ya pili imerudi kunipandisha Zigi. Nakushauri hatua hiyohiyo moja. Upana niliuacha kwa makusudi. Kwenye utelezi wenye mawe chini, tairi lisilo pana sana linakata tope na kukanyaga kigumu, wakati pana linaelea juu juu na kwenda linakotaka lenyewe. Kwenye mchanga ni kinyume. Mwenzangu wa Pangani anasifia upana, na kwa njia yake yuko sahihi.

Muuzaji akikuonyesha alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani, mwambie asante. Maana yake tairi limefaulu jaribio la kwenye theluji. Haikuongezei chochote kwenye tope letu, na haifai kukuongezea bei. Na usichanganye A/T na M/T, yale ya matope yenye kashata zilizoachana sana. Ukiwa shambani kila siku ya masika, M/T ni mfalme. Ukirudi lami yanaunguruma, yanaisha haraka, na mvua ikinyesha utashuka Mombo moyo uko mdomoni.

Upepo ndio ambao watu hawaupi heshima yake. Tairi la LT linadai upepo zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango si ya kwake tena, imeandikwa kwa tairi lililotoka na gari. Mimi nilitafuta yangu kwa chaki: chora mstari mnene kukatiza kashata kutoka ukingo hadi ukingo, tembea mita mia moja hivi kwenye lami iliyonyooka, shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua. Fanya gari likiwa tupu, kisha ulirudie na mzigo wako wa kawaida, uandike namba zote mbili. Kwenye mchanga au tope zito nashusha hadi psi 20, na natembea polepole. Lakini nina kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, na sigusi lami kabla sijarudisha upepo. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo na mwendo wa lami hupata joto ndani bila wewe kuliona, na likishaungua ndani, hata ukilijaza kesho limeshaharibika.

Kuzungusha mbele na nyuma, kila kilomita 8,000 hivi. Kupima alaimenti, siku ileile unapofunga.

Limebaki tairi la tano, la spea. Nilipofunga yale makubwa niliacha spea ya zamani, kuokoa hela. Pale mteremkoni nilipoliteremsha, lilikuwa fupi kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita tano. Matairi ya ekseli moja yasipolingana kimo, difu haipumziki hata ukienda moja kwa moja. Na ukiingiza foo wili, ekseli ya mbele na ya nyuma zinavutana na chuma ndicho kinachoachia. Nilishuka hadi Muheza bila foo wili, kwenye utelezi ule, na kijana wa mwenye mzigo amekaa pembeni yangu hasemi neno, ameshika mlango. Nunua matano. Kama hela inatosha manne, subiri mwezi mwingine.