Je, mpishi anaweza kujitolea kwenye meli ya hospitali?

SWALI: Shikamoo dada. Ni mpishi wa shule hapa Jinja. Nimesikia kuna meli inayofanya upasuaji bure. Wanachukua madaktari tu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La, si madaktari tu. Mercy Ships, shirika lililoanzishwa 1978, linahitaji pia mafundi mitambo, walimu na wapishi. Wewe uliyezoea kusonga posho ya shule nzima, jikoni utafaa sana.

Na usidhani jikoni ni kando ya tiba. Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeraha ya moto. Nimepokea watoto walioangukia mafiga, kovu likavuta kidevu hadi kikagusa kifua. Daktari hulikata, akapandikiza ngozi ya paja. Mtoto asipopata mayai na maharage ya kutosha, kidonda hakifungi.

Mshahara hakuna, na kwa kawaida nauli unajitafutia, kwa hiyo usiache kazi kabla ya kupata jibu lao. Kiingereza kinatakiwa. Uganda haina bahari, utaifuata meli bandarini. Tafuta mapema pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.