AC ya volti ndogo kwenye nyumba ya sola: kabla hujatoa hela

Mwezi wa tisa ukiingia tu huku Tabora simu zinaanza, kaka nimeona AC ya volti 12 mtandaoni, muuzaji anasema haili umeme kabisa, ninunue? Mi namuuliza kitu kimoja, inakula wati ngapi? Wengi hawajui, hawajaulizia. Na hapo ndo watu wanapopigwa jamani, manake volti ndogo haimaanishi matumizi madogo. Wati ni wati. AC inayokula wati 600 itakula hizo 600 iwe ya volti 12, ya 48 au ya 220, kinachobadilika ni ampia zinazopita kwenye waya, na kwa sisi ambao nguzo hazijafika tunaoishi na sola tupu, hizo ampia ndo zinazotuumiza.

Piga hesabu na mimi. Wati 600 kwenye volti 12 ni ampia 50. Kwenye volti 24 ni ampia 25, kwenye 48 ni 12 na nusu tu. Sasa chukua waya wa shaba wa milimita 6, ule mafundi wengi wanaouona mnene, uvute mita 10 kutoka kwenye betri mpaka chumbani. Kwenda na kurudi ni mita 20. Ukipitisha ampia 50 humo unapoteza kama volti 3 njiani, yaani betri ina 12 lakini AC inapata 9, inajizima, inawaka, inajizima tena, na wati kama 150 zimegeuka joto ndani ya ukuta wako. Waya huohuo kwa mfumo wa volti 48 unapoteza kama wati 10 basi.

Kuna jirani yangu njia ya Sikonge alifungiwa AC ya volti 12, zile zinazowekwa juu ya kabini za malori, akaniita akisema AC ni mbovu. Nikashika waya karibu na betri, haushikiki. Lile ganda jekundu lilikuwa limelainika mpaka ukilibonyeza kidole kinaacha alama, na ile lagi, kile kichwa cha waya kinachofungwa kwenye nguzo ya betri, ilikuwa imebadilika rangi imekuwa kama bluu hivi. AC yenyewe ilikuwa nzima kabisa! Tukaisogeza betri hadi ukuta wa pili wa chumba hichohicho, tukaweka waya wa milimita 35 mfupi, ikafanya kazi. Nyumba ilikuwa inaelekea kuungua ile. Kwa hiyo volti 12 iachie taa na feni. Kama unajenga mfumo mpya na unafikiria AC anza na 24, na kama mfuko unaruhusu nenda 48 moja kwa moja, usije ukafumua kila kitu baadae.

Alafu fyuzi iwe karibu kabisa na betri, na breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) iwe ya DC kweli, yaani ya umeme wa betri na sola. Breka ya kawaida ya umeme wa nyumbani usiiweke hapo hata kama fundi anakwambia ni zilezile, umeme wa DC ukikatika cheche yake haizimiki kirahisi, inaendelea kuwaka ndani ya breka.

Lakini kabla ya yote hayo, ndugu yangu, angalia juu. Bati. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma na bati juu, hamna dari, au dari ipo sebuleni tu. Saa nane mchana mwezi wa kumi nje ni nyuzi 32, 33, lakini lile bati limepanda kuliko hapo mbali sana na joto lote linashuka kichwani kwako. Kufunga AC kwenye chumba cha namna hiyo ni kuchoma hela, haitapumzika hata dakika moja. Nilichofanya kwangu, niliweka silingi bodi chumba kwa chumba kadiri hela ilivyopatikana, nikaacha matundu yenye wavu kwenye ncha mbili za paa ili hewa ya moto kule juu itoke, bati nikalipiga rangi nyeupe, na upande wa magharibi nikatoa kibaraza ili jua la jioni lisipige ukuta wa chumba cha kulala. Miembe ipo, ilikuwepo tangu zamani, niliwakatalia mafundi kuikata. Tofauti yake ni kwamba zamani mpaka saa nne usiku ukuta bado unatoa joto, sasa hivi saa mbili tunalala. Sisi tumebahatika, Tabora iko juu kama mita 1200 kutoka usawa wa bahari na usiku hewa inapoa yenyewe, kazi yako ni kuiruhusu iingie usiku na kuifungia asubuhi kabla jua halijapanda. Madirisha yenye wavu, mapazia mazito, ndo hivyo.

Ukimaliza hapo weka feni ya DC. Feni nzuri ya volti 12 au 24 ya darini inakula wati 25 hivi, usiku mzima wa masaa 8 ni wati-saa 200. Linganisha na AC ya wati 600 kwa masaa 6, hiyo ni wati-saa 3600, na betri ya lithiamu ya volti 24 yenye ampia-saa 200 ina kama wati-saa 5100 zote kwa ujumla na usiikaushe yote. Umeona? Chumba kimoja, usiku mmoja, betri karibu imekwisha, na kesho kukiamka na mawingu ya masika friji itakuwa kwenye hali gani.

Wapo watu wanaoihitaji AC kweli, sikatai. Mgonjwa ndani, mama mjamzito, mtu mwenye duka la dawa. Hapo chukua ya BTU 9000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa chumba kidogo chenye dari, na hakikisha kompresa yake, ule mtambo unaosukuma gesi ya kupoza, inaongeza na kupunguza mwendo yenyewe, chumba kikishapoa inashuka mpaka wati 300 au chini ya hapo. Faida ya AC ya DC ni kwamba haipitii inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220, kwa hiyo hupotezi ile asilimia kama 10 inayopotelea humo. Ila mimi nikiwa tayari nina inveta nzuri nachukua ya 220 ya kompresa ya namna hiyo hiyo, manake mafundi wake na vipuri unavipata mjini, wakati ile ya volti 48 ikiungua bodi unaweza kukaa msimu mzima wa joto unasubiri. Na iendeshe mchana jua likiwa kali, poza chumba kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja paneli zikiwa zinalisha moja kwa moja, usiku feni inamalizia.

Zile za kupuliza hewa kupitia pedi yenye maji nazo sio mbaya kwetu miezi ya kiangazi, hewa ni kavu na zinakula wati chache tu. Masika hazifai. Ndugu zetu wa Kigoma mjini mlio pembeni ya ziwa hewa yenu ina unyevu, msitegemee sana.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ni hadithi nyingine. Hita ya waya ya wati 1000 kwenye sola achana nayo, kwenye volti 12 hiyo ni zaidi ya ampia 80! Kama AC yako inageuka kutoa joto, itakupa joto mara tatu hivi ya umeme inaokula, tumia hiyo lisaa limoja kabla ya kulala. Maji ya kuoga pasha kwa jua juu ya bati, usipoteze betri kwa maji. Na naomba sana, jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, ile hewa yake ya sumu haina harufu na inaua familia nzima wakiwa usingizini.

Kile chombo cha nje cha AC kifunge upande wa mashariki ili mchana kiwe kivulini, na betri usiziweke kwenye stoo isiyo na dari, zinapikwa na zinakufa mapema. Mi zangu ziko ndani kwenye korido, juu ya ubao, mbali na ukuta wa magharibi.